Matundu Kumi na Moja

Barua ya ofisi ya mji ilisema wananchi tunaalikwa ukumbini saa nane mchana kutazama filamu ya matukio ya kweli kuhusu bunduki katika jamii, na baada ya hapo tuichambue. Mimi darasa la nne sikulimaliza. Vitu ninavyojua huchambuliwa ni mboga na pamba: unatoa takataka, unabakiza kinachofaa. Nikasema twende, huenda nao takataka wameitoa. Nilipofika nikawakuta wakubwa wote wamekaa safu ya mbele.

Nilikwenda na shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu. Anachapa hati kwenye duka la kutoa nakala, na mdomo anao. Tangu dada yake afariki utani umezidi, kwa sababu akiacha kunitania tutabaki kutazamana tu.

"Shemeji, leo umevaa shati la harusi," aliniambia mlangoni.

"Ndilo pekee lisilo na saruji."

"Basi jiangalie kola, fundi mwashi."

Marehemu aliuza vifungo na nyuzi kwenye meza ndogo chini ya ukuta wa ghala la soko, ng'ambo ya barabara mkabala na ofisi ya mji. Miezi saba iliyopita watu walikusanyika pale kudai maji. Wakubwa hawakuleta maji. Bunduki zikalia. Wakafa watu wanne, na kwenye orodha yeye ni wa tatu. Waliwapanga kwa kufuata nini, sijui. Serikali ikaunda tume, tume ikasema inasubiri filamu. Sasa filamu ilikuwa imefika, na Katibu wa Mji akasimama kututangazia kwamba kila kitakachoandikwa siku ile kitaambatanishwa nayo na kupelekwa kwa tume, kisha faili litafungwa. Alisema "litafungwa" kwa uso wa mtu aliyeshiba.

Taa zikazimwa. Kwanza muziki wa huzuni. Kisha watoto wanachezea bunduki za mbao. Kisha mtaalamu amekaa mbele ya rafu ya vitabu, akasema tatizo la bunduki ni tatizo la malezi. Nikasubiri aseme nani aliwalea wanaozibeba kwa mshahara. Hakusema. Wakaja vijana wameficha nyuso, na sauti ya filamu ikaeleza kwamba siku ile vijana hao walifyatua bunduki za kienyeji kutoka barabarani. Halafu akatokea mke wangu. Sekunde nne, nilihesabu. Chini ya picha waliandika: "Muuza vifungo. Aliuawa na risasi iliyopotea."

"Imepotea?" Shemeji akaninong'oneza. "Kwani ilikuwa inakwenda kwa nani?"

"Kitu kikipotea mwenyewe hukitafuta," nikamwambia. "Miezi saba hii hajapita mtu kuuliza, jamani, mmeniona risasi yangu?"

Mtu wa nyuma akatuambia tunyamaze, anajifunza.

Kamera ikahamia kwenye ukuta wa ghala. Ikasogea polepole, mpaka ungeweza kuona chembe za mchanga. Sauti ikasema: "Ukuta huu unatazamana na ofisi ya mji. Hauna hata alama moja ya risasi. Hakuna risasi iliyotoka upande wa ofisi."

Nikautazama. Hakuna ufa, hakuna kivimbe, rangi imelala sawasawa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Kazi ile ni ya mkono wangu.

Shemeji akanifinya. "Unachekelea nini we mzee? Dada yangu anafia pale, wewe meno nje?"

"Plasta," nikasema. "Kiraka hakionekani hata kwa kamera."

"Kiraka gani?"

Nikamweleza, kwa sauti ya chini. Siku kumi na mbili baada ya mazishi dereva wa ofisi alikuja nyumbani, akasema kuna ukuta unatia aibu. Mkono ulikwenda kazini, kichwa kikabaki kaburini. Ghala si la ofisi, wala sikujiuliza ofisi inashonaje nguo ya jirani. Nilikuta matundu kumi na moja. Tundu huwezi kuliziba juu juu, plasta itaanguka. Unaingiza msumari mrefu, unakwangua uchafu mpaka mwisho, unalowesha, ndipo unashindilia. Msumari hukaa vile tundu lilivyochimbwa. Na siku ile, matundu yote kumi na moja, kichwa cha msumari kilikuwa kinatazama juu, ng'ambo ya barabara. Mtu aliyesimama barabarani hawezi kupiga tundu la namna hiyo, labda awe mrefu kama mnara wa simu.

"Kilitazama wapi hasa?" akauliza.

"Paa la ofisi."

"Na hukusema?"

"Nani aliniuliza? Waliuliza nitamaliza lini."

Akanifinya tena. Kisha akasema, "Leo wanafunga faili. Unasimama, au nikusimamie?"

"Watanifunga."

"Watakufunga, ndiyo. Kwani huku nje unafanya nini? Unazungumza na sufuria."

Taa zikawashwa, uchambuzi ukaanza. Mwalimu mmoja akasifu muziki. Mama mmoja akauliza kama choo cha ukumbi kimetengenezwa. Nikanyoosha mkono.

"Karibu, mzee wetu," akasema Katibu. "Kwa kifupi."

"Filamu ni nzuri. Ule ukuta ni wangu."

"Ukuta ni wa soko, mzee."

"Ukuta wa soko, plasta yangu. Chini yake kuna matundu kumi na moja ya risasi. Niliyaziba mimi, mliponiita."

Mtengeneza filamu, kijana mwenye kofia, akasema yeye aliukuta hivyo hivyo, na ofisi ndiyo iliyomwelekeza pa kupiga picha. Katibu hakumtazama. Alinitazama mimi, kwa upole wa daktari wa meno.

"Una barua ya kukuita?"

"Mlimtuma dereva."

"Dereva yupi?"

"Yule mliyemstaafisha."

"Basi ofisi haikukuita. Ila wewe umekiri mbele ya watu kwamba uliziba matundu mahali walipofia watu. Unajua hiyo inaitwaje?"

"Kuziba."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Inaitwa kuharibu ushahidi, na ni kosa. Karani, andika kila anachosema. Atafungwa na mdomo wake mwenyewe."

Karani akaandika, akasoma: "Fundi amekiri kuharibu ushahidi."

Shemeji akasimama. "Ushahidi gani? Mimi hati za mahakama nachapa kila siku, bwana karani. Hafungwi mtu kwa kuharibu kitu kisichotajwa. Hakimu atakirudisha hicho kikaratasi kama barua isiyo na anwani."

Katibu akafikiri kidogo. "Taja basi. Matundu."

"Ya nini?" akauliza karani, mtu asiyependa kuacha mstari mtupu.

"Ya risasi," akasema Katibu, ili kosa langu likamilike.

"Mangapi?"

"Kumi na moja," nikasema.

"Risasi zilitoka upande gani?"

"Msumari ulikuwa unatazama paa la ofisi ya mji. Andika."

Akaandika, kwa kuwa alikuwa ameagizwa aandike kila ninachosema. Akanipa nitie saini, nikatia. Akagonga muhuri papo hapo, maana karatasi ikipita mbele yake mkono huenda wenyewe. Hapo ndipo Katibu alipoinyoosha shingo aisome. Akaisoma mara mbili. Akasema ile karatasi bado si rasmi.

"Ina muhuri, mheshimiwa," akasema karani.

"Na ulisema kila kitakachoandikwa kitaambatanishwa," akasema kijana wa filamu. Alikuwa ameinyanyua kamera yake, na taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Ukumbi mzima ukaitikia, hata yule aliyekuwa anajifunza. Katibu akawa na njia mbili. Akiichana karatasi, mimi sina kosa, na watu mia mbili wameona. Akiipeleka, mimi nina kosa, na paa la ofisi nalo lina la kujibu. Mtu mwenye madaraka akipewa nafasi ya kumfunga fundi, hawezi kujizuia. Akaipeleka.

Askari wawili waliokuwa mlangoni walinisindikiza kituoni pamoja na ile karatasi. Shemeji alitufuata nyuma, akiwauliza kama pingu zao zina ukubwa wa kati. Mkuu wa kituo akaisoma karatasi kimya, akasema shitaka halisimami mpaka ushahidi ulioharibiwa uonekane, hivyo ile plasta itolewe kesho, mbele ya watu wa tume. Akauliza ni fundi gani anayeweza kuitoa bila kuyabomoa matundu yenyewe.

Askari wakatazamana. Kisha wote watatu wakanitazama mimi.

Nikawaambia nitahitaji patasi nyembamba na nyundo ndogo, na ukuta uloweshwe kwanza.