Taa za Mji wa Mama Mkwe

Majengo kumi na moja yalikuwa yamepangwa juu ya meza ya chakula, na yote kumi na moja mapaa yake yalikuwa yamegundishwa, gundi ikakauka ikawa ngumu kama jiwe. Fundi aliinua moja, akaligeuza, akachungulia kwenye dirisha la ukubwa wa ukucha. Ndani giza tupu. Akalirudisha mezani taratibu, maana mwenye majengo alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, na mwenyewe hakuwa mtu mwingine ila mama mkwe wake.

"Haya, sema," alisema mama mkwe. "Uso umeukunja kama umelamba ndimu."

"Mazuri, mama. Mazuri sana."

"Lakini?"

"Lakini taa utaziingizia wapi?"

Mama mkwe akayatazama majengo yake. Kituo cha treni kilikuwa boksi la viatu. Zahanati ilitokana na vikasha vya dawa zake za presha, na zile ghorofa tatu zilikuwa makasha ya biskuti ambazo familia nzima ililazimishwa kuzimaliza upesi. Madirisha yote aliyakata kwa wembe, akayabandika plastiki ya faili kuwa vioo. Wiki tano za kazi. Alitazama, akaelewa, akajishika mdomo.

"Masikini mimi. Nimewafungia watu gizani!"

Akacheka mpaka akatafuta kiti. Fundi naye akacheka, kisha akanyamaza ghafla, kwa kuwa hakukumbuka mara ya mwisho kusikia sauti ile ikitoka kifuani mwake.

Tuseme ukweli: fundi hakwenda pale kwa hiari yake. Mkewe ndiye aliyemsukuma. "Mama anataka mtu wa kumwekea taa kwenye mji wake wa treni," alimwambia. "Ni volti kumi na mbili, mume wangu. Haziui hata sisimizi." Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma fundi kuliko kelele. Mwanaume mzima, fundi umeme wa miaka kumi na minane, anabembelezwa kwa taa za kuchezea.

Miezi kumi na moja nyuma alikuwa juu ya ngazi dukani kwa mtu, anabadilisha waya wa darini. Swichi kubwa aliizima kwa mkono wake, akamwambia na mwenye duka kwamba imezimwa. Kisha akaja ndugu wa mwenye duka, akakuta jokofu limezimika, akanyoosha mkono, akawasha. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka soda ya baridi tu. Fundi alirushwa chini, akavunjika mtulinga, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vikakaa miezi bila kuhisi kitu.

Mtulinga uliunga, vidole vikarudi. Daktari akasema amepona. Lakini kila aliposhika waya, aliacha kila kitu kwenda kuhakikisha swichi bado imezimwa. Akirudi, kabla hajafungua hata skrubu moja, anakwenda tena. Alinunua kufuli la kufungia boksi la swichi, akawa anakwenda kuangalia kufuli. Mteja mmoja alimhesabia safari tisa, akamuuliza, "Fundi, umekuja kutengeneza au kufanya mazoezi?" Siku hiyo alirudi nyumbani, akasukuma begi la vifaa chini ya kitanda, na waliomuuliza akawaambia amepumzika kidogo. Umeme hakuuogopa, ule aliujua. Alichoogopa ni mkono wa mtu asiyemwona.

Mama mkwe, kwa upande wake, alikuwa na miaka sitini na sita ya umri na miezi miwili ya kumiliki treni. Aliiona dirishani mwa duka la vitu vya watoto: kichwa kimoja, mabehewa matatu, reli ya kuzunguka kama yai, na kisanduku cha kuongezea na kupunguzia mwendo. Muuzaji alimuuliza mjukuu ana umri gani. "Sitini na sita," alijibu, "na anataka ya bluu." Miaka ishirini na sita alikuwa mlinzi wa geti la reli, pale barabara inapokatana na njia ya treni. Simu ikilia anafunga geti, treni inapita, anafungua.

"Nimeziona zikinipita usoni miaka yote ile," alimwambia fundi wakiwa wanabandua paa la kwanza kwa kisu cha kupakia siagi. "Nimetukanwa na madereva wa kila aina. Sasa nataka treni inayopita mjini na mimi nimekaa, nakunywa chai."

Mwanawe wa kiume, shemeji yake fundi, aliyekuwa bado akiishi pale nyumbani, alipita akasema mama amerudia utoto. Alirushiwa paa la zahanati.

Fundi alianza kwenda kila siku mchana. Alimwonyesha mama mkwe kwamba paa haligundishwi, linakalishwa tu juu kama kifuniko cha sufuria, kwa sababu taa siku moja itakufa na mtu atataka kuingia. Waliwasha kitaa cha kwanza ndani ya ghorofa ya biskuti, na jengo zima likang'aa, kuta, pembe, kila mahali, mpaka maandishi ya kiwanda yakasomeka kinyumenyume.

"Hii si nyumba, hii ni taa," alisema mama mkwe kwa huzuni.

Basi wakapaka kuta kwa ndani rangi nyeusi, tabaka mbili, mwanga usipenye, kisha nyeupe juu yake ili chumba kiwe na nuru. Pembe zilizovuja wakaziziba kwa vipande vya karatasi. Vitaa vyenyewe vilikuwa vidogo kama punje ya mchele na vikali kupita kiasi, fundi akaviunganishia rizista kuvipunguza makali. Ndani ya ghorofa wakagawa vyumba kwa kadibodi, ili dirisha hili liwake na lile libaki giza. Mama mkwe alikuwa na msimamo juu ya hilo. "Mji gani ambao kila mtu yuko macho? Huyu hapa amelala. Huyu amesafiri. Huyu wa pembeni ana mtoto mchanga, mwache awake."

Nyaya walizipitisha kwenye matundu ya ubao mpana uliobeba mji na reli, nyekundu huku, nyeusi kule, zikaungana chini kwa chini. Mkono wa fundi ulishika chuma cha kulehemu cha kuazima, na risasi ya kuungia nyaya ikayeyuka pale alipotaka iyeyuke. Hakulisema hilo kwa mtu, ila usiku ule alikula chakula chake chote.

Kuna jambo moja alichukua siku kadhaa kulitambua. Mama mkwe hakuwasha kitu bila kuambiwa. Kisanduku cha umeme kilikuwa upande wake wa meza, na kila fundi alipoinama chini ya ubao, sauti ilimfuata.

"Niwashe?"

"Bado."

"Bado," alirudia mama mkwe, na mkono wake ukakaa mapajani.

Alirudia kila neno. Fundi akisema washa, husema "Washa, nawasha," ndipo awashe. Mwanzoni fundi alidhani ni utani. Siku moja alimuuliza.

"Ndivyo tulivyofundishwa getini," alisema mama mkwe. "Ukiambiwa neno kwenye simu unalirudisha kama lilivyo. Yule wa upande wa pili asikie kwamba limefika. Ukisema 'sawa sawa' tu, mtu anakufa."

Fundi alirudi chini ya ubao na kukaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Jumamosi mchana mji ulikuwa tayari. Mama mkwe alifunga mapazia, akavaa miwani, akakaa kwenye kiti chake na kikombe cha chai mkononi. Aliuliza, akajibiwa, akawasha. Kituo kikawaka, zahanati ikawaka, mwenye mtoto mchanga akawaka. Treni ya bluu ilizunguka nusu ya mji, kisha taa zote zikakonyeza mara tatu, zikazimika. Chumba kikanuka plastiki iliyoungua.

Fundi alikagua kisanduku, kikawa kizima. Nyaya chini ya ubao nzima. Akafuata harufu mpaka ukutani. Soketi ilikuwa imefanya weusi upande mmoja, na ilikuwa ya moto. Hiyo haikuwa volti kumi na mbili. Hiyo ilikuwa ukuta, umeme wenyewe wa nyumba.

Alichomoa plagi, akasimama, akajifuta viganja kwenye suruali.

"Waya umelegea ndani," alisema. "Msiitumie soketi hii. Nitawatafutia fundi."

Mama mkwe alimtazama. Angeweza kusema mengi, na mtu mwingine angeyasema: wewe si fundi, jikaze, mbona kitu kidogo. Aliweka kikombe chini.

"Swichi kubwa iko koridoni," alisema. "Hapa huioni. Atakaa nani kwenye swichi?"

"Ndiyo hayo, mama. Hakuna mtu wa—"

"Nimekuuliza atakaa nani, maana najua mtu mwenye miaka ishirini na sita ya kazi hiyo, na hakuna aliyepita kwake akafa. Hata mmoja."

Fundi alikohoa. Kisha akasikia mdomo wake ukisema, kabla yeye hajaamua, "Begi langu liko nyumbani."

"Liko nyuma ya mlango. Mkeo alilileta siku ya kwanza, na mimi nikanyamaza."

Mama mkwe aliburuta kiti mpaka koridoni. Fundi alisikia swichi ikishuka. "Imezimwa!" ilikuja sauti. "Imezimwa," alirudisha fundi. Akapima soketi kwa testa, akapima tena, hakuna umeme. Akapiga magoti, akaufikisha mkono nusu ya njia, ukakwama hapo.

"Mama?"

"Nipo. Imezimwa."

Skrubu ya kwanza. "Mama?" "Nipo. Imezimwa." Skrubu ya pili. "Mama?" "Nipo. Imezimwa." Sauti ilikuwa ile ile, haina haraka, haina kuchoka, haina hata chembe ya kumhurumia, na hilo la mwisho ndilo lililomsaidia zaidi. Alivuta soketi nje ya ukuta. Waya mmoja ulikuwa umeungua ncha, ukaning'inia. Aliukata, akauchuna, akaona hautafika, akalazimika kuunga kipande. Kikatokea kipande cha plasta kinachoziba njia, akakichokonoa. Akagundua waya wa ardhi nao haukuwa umekazwa na fundi aliyetangulia, akamlaani kimyakimya fundi huyo na ukoo wake wa kazi mbovu. Alitafuta soketi mpya kwenye begi, akaipata chini kabisa, akaikaza, akaisawazisha kwa jicho, hakuridhika, akailegeza na kuisawazisha upya.

"Mama, washa."

"Washa," ilirudi sauti. "Nawasha."

Mji ukawaka. Treni ya bluu, iliyokuwa imekwama karibu na zahanati, ilishtuka na kuendelea na safari.

Fundi alikuwa bado amepiga magoti, anaitazama, wakati shemeji yake alipoingia akipiga hatua za hasira, skafu ya timu shingoni.

"Sasa naruhusiwa kukohoa?" alisema shemeji. "Dakika ishirini, shemeji! Nimefika na mpira umeanza, nyumba haina umeme, nanyoosha mkono kuwasha, mama kanikata njia kwa mkono wake kama geti. Nikifungua mdomo, ananiwekea kidole. Nimesimama ukutani kama mwizi, na simu inaniambia timu imeshafungwa mawili."

"Yangekuwa mawili hata ungetazama," alisema mama mkwe kutoka mlangoni. Alikuwa akijikanda bega la kulia.

Fundi alimtazama shemeji yake, kisha lile bega. Dakika ishirini. Akajaribu kukumbuka ni lini aliacha kuita "Mama?", akashindwa. Mahali fulani kati ya waya ulioungua na kile kipande cha plasta alikuwa amesahau. Na katika kusahau kwake mtu alikuja kweli, akanyoosha mkono kweli, kuelekea swichi ile ile, na yeye yuko na waya mtupu kwenye vidole. Lile aliloliogopa miezi kumi na moja lilikuwa limetokea tena nyuma ya mgongo wake. Na hapo katikati alikuwa amesimama mwanamke wa miaka sitini na sita, mkono umenyooshwa, hatoi sauti, maana alijua kwamba neno moja tu lingemfanya mkwe wake aangushe bisibisi na asiiokote tena.

Hakuweza kuinuka. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha, hata mbele ya shemeji, ambaye ghafla aliona ni vizuri akatazame mpira.

"Asante, mama," alisema. "Sijui niseme vipi. Asante. Miezi yote hii nilidhani hakuna mtu anayeweza kunisimamia pale."

"Inuka, mwanangu, sakafu ina baridi."

"Alifika mtu," alisema fundi. "Mama, alifika mtu, na mimi wala sikujua."

Mama mkwe alimshika mkono, ule wa kulia, akamwinua.

"Ungejuaje?" alisema. "Ulikuwa kazini."