Kiti cha Nyuma Kisiwe Kitupu

Mimi Sebit sitaki ubishi kwa mambo ya baiskeli. Nimebeba abiria mtaani Walukuba tangu ujana wangu, kabla pikipiki hazijatunyang'anya kazi, na uzito wa mtu naujua bila kugeuka.

Ndiyo maana tulipopanga matembezi ya baiskeli ya Jumapili, kwenye njia ya lami kando ya Nile, niliweka sharti moja tu: kila kiti cha nyuma kiwe na mzigo.

"Kwani tunatembea au tunakwenda sokoni?" Jirani yangu Magid akacheka mpaka akakohoa.

"Cheka tu. Juzi nilikwenda kuikagua njia. Pale kwenye kona ya mianzi, kiti changu kikiwa kitupu, mtu alinipanda nyuma. Springi zililia kabisa. Nikageuka, hakuna mtu. Mwisho wa lami akashuka mwenyewe."

"Hiyo ni njaa, mzee."

Niliudhika, lakini sharti sikulibadili. Binti yangu Nulu nilikuwa nimemnunulia baiskeli yake ya kwanza, na roho yangu yote ilikuwa kwake. Jumapili asubuhi nilimfungia mfuko wa unga kwa mpira wa tyubu, nikakaza. Mimi nikafunga jerikeni ya maji.

Jua lilikuwa kali, mto umetulia. Magid alitangulia na majirani wengine wakipiga soga, mimi nikawa wa mwisho. Kwenye mianzi nikamkuta Nulu amesimama juu ya pedeli, jasho linamtoka, na njia yenyewe tambarare. Kiti chake hakikuwa na mfuko.

"Nulu! Unga uko wapi?"

"Nimeuficha kule tulikoanzia, Baba. Ulikuwa mzito." Alikuwa anahema. "Lakini huyu amezidi."

"Huyu nani?"

"Sijui. Anasema anashuka nyumbani kwetu."

Ya Rabbi! Niliogopa, wallahi. Lakini ni mwanangu. Nikafyatua mpira, jerikeni ikaanguka, ikapasuka kwenye lami.

"Mwambie ahamie huku. Kiti kiko wazi."

Baiskeli ya Nulu ikachomoka mbele. Springi zangu zikalia, zikanyamaza. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza abiria yeyote, "Unashuka wapi?"

Mkono wa baridi, umelowa, ukanishika kiunoni.

Lami ikaisha, hakushuka. Nikampita Nulu bila kumwangalia, nikashika barabara ya Buwenge, nikaiacha ya nyumbani. Nyumbani simpeleki.