Betri Yenye Alama Nyekundu

Kompyuta ya Mwalimu Yustus haikuwahi kufa, na hilo ndilo lililomkera. Kitu kikifa unakizika, unakaa matanga, maisha yanaendelea. Ile iliwaka vizuri tu, ikanguruma, ikaangaza kioo, halafu ikasimama palepale mwanzoni na kuandika maneno yaleyale ya Kiingereza: kwamba haijui leo ni tarehe ngapi, kwamba diski yake haioni, na kwamba anayetaka kuendelea abonyeze kitufe. Mwalimu alibonyeza. Ikaandika yaleyale tena. Kwa akili ya mashine ulikuwa mwaka 1980, siku ya kwanza ya Januari, wakati Nyaishozi nzima ilikuwa inatota kwenye mvua za mwaka 1998.

Mwalimu aliachiwa mashine hiyo na Mzungu mmoja wa visima vya maji, mtu mwenye miguu mirefu ambaye Mwalimu alikuwa amemfundisha Kinyambo. Siku ya kuaga, yule Mzungu aliifungua mbele ya watu wa nyumba, akawaonyesha matumbo yake. Hii ni feni, hii ni diski, na hii, bapa kama shilingi, ni betri. Mashine ikizimwa, betri hii ndiyo inayotunza kumbukumbu ya tarehe na ya diski. "Nimeweka mpya," alisema. "Itakaa miaka."

Costansia, mke wa Mwalimu, alikuwa amesimama na kopo lake la rangi nyekundu. Pande zile hakuna nyumba yenye sufuria za kutosha msiba wake yenyewe. Mtu akifa au binti akiolewa, vyombo vyote vya kitongoji vinahamia kwake, na usipoweka alama utakuja kuona mwiko wako jikoni kwa mtu na mdomo ukushinde kuufungua. Alama ya Costansia ilikuwa nukta mbili na mstari chini yake. Alishaipaka ubavuni mwa kompyuta. Sasa akaomba na ile betri, akachovya njiti ya kiberiti, akaitia alama hiyohiyo, ndogo, safi. Mzungu alicheka mpaka akatoa miwani. Costansia hakucheka.

Mashine ilikuwa na kazi moja. Mama yake Mwalimu, bibi Kokuberwa, alikuwa amebaki peke yake katika watu waliojua hadithi ndefu za zamani, zile za kusimuliwa kwa nyimbo, jioni moja haitoshi. Dada wa bibi aliyezijua alikwisha zikwa. Mwalimu aliwahi kumwendea na daftari, akafukuzwa. Karatasi, alisema bibi, ni ya kodi na ya kuitwa baraza la kata. Yeye hasemi na karatasi. Lakini kioo alikipenda. Alikiita televisheni. Alikaa kwenye kigoda, blanketi mabegani, jenereta ikiunguruma nyuma ya jiko, akayaona maneno yake yakitoka mojamoja, na kila jioni kabla hajaanza aliagiza asomewe alipoishia. Bila hivyo hakufungua kinywa.

Walikuwa kwenye hadithi ya mwanamke aliyekwenda kuazima moto kwa jirani. Bibi aliitunza ya mwisho kwa makusudi. Ndiyo kubwa kuliko zote, alisema, na mwisho wake haujui mtu mwingine chini ya jua.

Ndipo akaja Placidius kuitazama mashine.

Placidius alikuwa mnywani wa Mwalimu, na mgeni wa nchi ile anapaswa kuelezwa maana yake. Wakiwa vijana walipasua buni moja, wakaitia damu ya kila mmoja, wakatafuna nyuma ya jiko, mbali na macho ya mchungaji. Huo ndio omukago. Tangu siku hiyo, alichonacho huyu ni cha yule. Ni kuomba tu, na kukataa hakuna. Mnywani akiingia kwako hutumi mtoto wala mke. Unachukua panga mwenyewe, unaingia kibanjani, kwenye migomba yako, unamchagulia mkungu, unamkatia. Kubaki ndani umkodolee macho ni kumwambia kwamba buni ile uliitema.

Placidius alikuwa na chumba cha kuchapa barabarani Nyakahanga: barua, mitihani, kadi za harusi. Alijifunza Mwanza, na kompyuta yake ilikuwa mzee mwenzake wa ile ya Mwalimu. Siku hiyo alimwamkia bibi, akapewa kahawa ya kutafuna, akasema, "Mnywani wangu, niache niisalimie hii mashine." Mwalimu akachukua panga akaenda zake kibanjani. Aliporudi na mkungu begani, kifuniko kilikuwa kimefungwa na Placidius ananawa mikono.

Kesho yake jioni mashine ikadai ni Januari ya 1980.

Mwalimu alikuwa mtu wa kutafuta sababu. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu. Kwanza alishuku vumbi, akaifuta matundu kwa unyoya wa kuku. Kisha akashuku moshi, akamhamisha Costansia na mafiga yake hadi upande wa pili wa ua, jambo lililomletea siku kadhaa za kula kimyakimya. Akashuku mende. Akashuku jenereta, kwamba umeme wake unakuja kwa kwikwi. Aliiwasha ikiwa baridi, akaiwasha ikiwa moto, akaiwasha baada ya sala. Maneno yalikuwa yaleyale.

Mwisho akampelekea Placidius ujumbe. Placidius akaja na pikipiki, mwema, mcheshi, matope hadi magotini. Mwalimu akachukua panga. Alipotoka kibanjani, mashine ilikuwa imeamka, na hadithi iko kiooni.

"Ilikuwa nini?"

"Uzee," alisema Placidius. "Diski imechoka. Kuna namba zake, lazima nizitie mwenyewe. Wewe usifungue kifuniko kabisa, utaiua."

"Si betri? Mzungu alisema ikianza kusahau, tazama betri."

"Betri nimeitazama. Ni nzima, iko palepale na alama nyekundu ya shemeji."

Costansia, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, alifurahi kusikia alama yake imetajwa. Akamwongezea shemeji yake kipande cha nyama.

Basi ikawa ndiyo maisha. Wakiizima, inasahau. Wakitaka iamke, wamsubiri Placidius. Mara nyingine alikuja upesi, mara nyingine kadi za harusi zilimbana, mara nyingine barabara ilikuwa imekatika. Mwalimu alijaribu kuiacha ikiwaka asubuhi hadi jioni, jenereta ikanywa petroli kama mlevi wa lubisi, pombe ya ndizi, ikazima yenyewe. Na kila Placidius alipokuja, Mwalimu alimkatia mkungu bora kuliko uliopita. Alimwonea huruma, njia mbaya kiasi kile! Alimwambia Costansia kwamba ndugu wa tumbo moja wasingejisumbua hivyo.

Msimu wa senene ulipofika, bibi Kokuberwa akaanza kuvimba miguu.

"Televisheni imeamka?" aliuliza kila jioni.

"Bado, mama. Placidius anakuja Jumamosi."

Jumamosi hakuja. Iliyofuata alituma salamu kwamba ana harusi ya watu wazito na kazi haijakwisha. Bibi alikuwa anaongea kwa kupumzika, maneno mawili, pumzi, maneno mawili. Mwalimu akaona aibu ya kumkimbilia na daftari, lakini alikimbilia.

"Mama, niambie tu. Nitaandika hapa, baadaye nitayahamisha."

"Nisomee nilipoishia."

"Yamo ndani ya mashine, mama. Uliishia pale mwanamke anaporudi na moto."

"Amepita mtoni au hajapita?"

Mwalimu hakukumbuka. Alisema amepita. Bibi akageuza uso ukutani. "Hukuwa unasikiliza," alisema. "Ulikuwa unabonyeza. Subiri mwenzako aje." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

Alifariki kabla ya Jumatatu, alfajiri, Costansia akiwa amemshika mkono.

Msiba ulikuwa mkubwa. Placidius alifika wa kwanza kati ya watu wa mbali, na pikapu ya kuazima, imejaa masufuria makubwa, vikombe na mabenchi. Alilia kwa sauti. Alishika sepetu kaburini mpaka akanyang'anywa. Mwalimu alimwegemea kama mtu anavyoegemea nguzo ya nyumba yake, na alipokumbuka mashine, na ile Jumamosi, alijizuia. Alijiambia kwamba mtu hapangiwi kazi zake. Matanga yalipoanuliwa, Costansia akapanga vyombo uani kwa alama zilizopakwa, Mwalimu akimsaidia, hiki cha nani, hiki cha nani. Mabenchi yakarudi na pikapu. Masufuria mawili ya Placidius yalikuwa yamebaki, na Mwalimu akasema atayapeleka mwenyewe. Alitaka kushukuru uso kwa uso. Akayafunga nyuma ya baiskeli, yakagongana njia nzima hadi Nyakahanga.

Placidius alikuwa nyuma ya duka, anajaza petroli kwenye jenereta. "Ingia, mnywani wangu, keti, naja," alipaza sauti.

Mwalimu aliingia. Kompyuta ya Placidius ilikuwa mezani, kifuniko pembeni, brashi ya kufutia vumbi juu yake. Hakuwa na nia ya kuchungulia. Alikuwa anatafuta pa kuweka masufuria, na macho yake, yaliyokuwa yametoka kushinda siku nzima kwenye alama za vyombo vya watu, yakaiona ile alama kabla yeye mwenyewe hajajua anaona nini. Nukta mbili, mstari chini yake. Nyekundu. Ndogo, safi, juu ya betri bapa kama shilingi.

Aliweka masufuria chini. Akaketi. Alihisi baridi, kisha akajiona mpumbavu, na huo upumbavu ulimuuma kuliko baridi. Aliiona mikungu yote aliyoikata. Alijiona anavyotembea kibanjani akigonga ndizi kwa kidole kutafuta iliyokomaa kuliko zote, wakati nyumbani kwake mtu anazitia namba na kuamsha kitu alichokilaza mwenyewe.

Placidius aliingia akijifuta mikono, akatoa kahawa ya kutafuna kwenye kikopo chake kidogo, akamnyoshea. Mwalimu hakuipokea. Placidius akafuata macho yake mpaka mezani.

Nje mtu alikuwa anapigia mbuzi kelele.

"Yangu ilianza kusahau," alisema Placidius mwishowe. "Hapa zilikuwa hazipatikani, na mimi nina wateja, Mwalimu, watu wanasimama mlangoni. Nikasema nitaibadilisha kwa muda, nikienda Mwanza nitanunua. Halafu sikwenda Mwanza. Lakini nilikuwa nakuja! Kila ulipoita nilikuja kuiamsha."

"Ulisema umeiona ndani. Na alama yake."

"Nilisema."

"Mama alikuwa anakusubiri."

Placidius akatazama chini. Kisha akasema neno ambalo pengine alidhani litapunguza mzigo. "Yangu ilikuwa ya kazi. Yako ilikuwa ya hadithi tu. Sikujua kama bibi atatangulia."

Mwalimu alikuwa na mengi ya kusema, alikuwa amefundisha watoto wa watu kwa kiboko na kwa maneno, na maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni. Lililotoka lilikuwa dogo.

"Ungeniomba," alisema. "Hukuwa na haja ya kusubiri niende kukukatia ndizi. Ungeniomba, ningeitoa mwenyewe nikakupa. Nisingeweza kukunyima, na unajua nisingeweza."

"Najua."

"Basi kwa nini hukuomba?"

Placidius aligeukia mlango, wanaposimama wateja wake. Kama angeomba, kila jioni Mwalimu angejua mashine yake haiamki kwa sababu ya nani. Hivyo alivyofanya, alishukuriwa, akalishwa, na kusindikizwa mpaka barabarani. Hakulisema hilo. Mwalimu alilisoma usoni pake, akaona haya kwa niaba yake, na hapo ndipo alipoelewa kwamba kitu kilichopasuliwa kwa pamoja nyuma ya jiko kimekwisha.

Alinyosha mkono, akaichomoa betri kwa ukucha, akaitia mfuko wa shati. Placidius hakumzuia. Kahawa ilikuwa bado kwenye kiganja chake.

Nyumbani Mwalimu alifungua kifuniko alichokatazwa. Mashine haikufa. Kwa ndani, kwenye bati, Mzungu alikuwa amebandika kikaratasi chenye namba za diski kwa mwandiko mkubwa wa kumsaidia mtu asiyejua. Zilikuwa hapo siku zote. Alitoa betri isiyo na alama iliyokuwamo, akaiweka mezani, akarudisha ya kwake, akawasha jenereta, akazitia namba na tarehe. Akaizima, akaiwasha. Ilijua leo ni lini. Akaizima tena, akaiwasha tena, na tena haikuuliza kitu.

Costansia alikuja na kopo lake la rangi, akachungulia begani kwake, akaiona ile sehemu iliyo wazi na alama yake ndani, na mezani betri nyingine isiyo na alama. Alimtazama mumewe usoni, akaelewa, akarudisha kifuniko cha kopo polepole.

"Inakumbuka?" aliuliza.

"Yote."

Hadithi ilikuwa kiooni, mwishoni kabisa, pale mashine ilipozimwa mara ya mwisho. Mwanamke alikuwa hajapita mtoni. Alikuwa amekwisha lala njiani, akarudi kwa njia nyingine ya mlimani, moto ukiwa hai ndani ya kigae, akasimama mlangoni pake na kusikia mtu anapika ndani. Akauliza, nani humo ndani ya nyumba yangu? Na aliyekuwa ndani akamjibu akisema

Hapo bibi alikuwa amekohoa, akaomba maji, na wakakubaliana kuendelea kesho. Mwalimu alisogeza kiti. Kile kijistari kidogo kilikuwa kinawaka na kuzima baada ya neno la mwisho, kinasubiri. Kigoda cha mama yake kilikuwa pembeni, na blanketi juu yake. Aliketi hivyo mpaka jenereta ikaanza kukohoa, petroli inakwisha, na Costansia akamwambia kutoka jikoni aende akaongeze. Hakwenda.