Siagi ya Baridi

"Mkate unachanika! Siagi ya baridi hiyo, mjinga wewe!" alifoka Bi Enid.

Keith alicheka, gumba lake likiendelea kusukuma krimu kwenye muundi wa bibi huyo. "Yuko jikoni kwake tena. Leo tunakula nini, bibi?"

Mimi sikucheka. Katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Louth, Uingereza, wahudumu wenzangu walidhani Bi Enid anaropoka. Lakini nyanya yangu naye alikuwa akiusimamisha mkate kifuani, anapaka siagi kwenye ncha, ndipo anakata kipande. Siagi aliiacha kwanza karibu na jiko ilainike. Ya baridi hurarua mkate.

"Keith, ipashe krimu kiganjani kwanza. Imetoka kwenye friji."

"Sawa, profesa Tilda," akasema, akaendelea.

Jumapili Maureen, binti wa Bi Enid, alikuja, akakuta mguu wa mama yake umefungwa bendeji.

"Alijigonga kitandani," alisema Hazel, meneja wetu. "Ngozi ya wazee, unajua tena. Keith anampaka krimu vizuri tu."

"Mama, ulijigonga wapi?"

"Mkate umechanika," alisema Bi Enid.

Maureen akashusha pumzi. "Haya, mama. Nitakuletea mwingine." Akachukua mkoba wake.

"Hakujigonga," nikasema. "Wala hakupakwa. Alisuguliwa. Ngozi ile unaigusa tu, unatandaza taratibu. Keith aliikandamiza krimu ya baridi kama anaziba ufa wa ukuta, mpaka ngozi ikachanika. Mama yako ametuambia wiki nzima, nasi tunamcheka."

Maureen akaketi tena. Akamshika mama yake mkono.

"Mama, siagi ilikuwa baridi?"

"Kama barafu," alisema Bi Enid, akaanza kulia.

Maureen alipoondoka, Hazel aliniita ofisini. Keith alikuwa amesimama dirishani, uso mwekundu.

"Umemwaibisha mwenzako mbele ya familia. 'Alisuguliwa'! Neno gani hilo?"

"La kile alichofanya."

"Sisi tunasema 'alipakwa', Tilda. Mwombe Keith radhi, kisha umpigie Maureen umwambie ulikosea. La sivyo, kesho usije."

"Nilikuwa na haraka," Keith akanung'unika. "Wazee kumi na mmoja, mimi peke yangu."

"Basi mwambie Maureen hivyo."

Hazel akalainisha sauti. "Mpenzi, ni samahani tu. Iseme, yaishe."

Mji huu mtu akikanyagwa, yeye ndiye anayeomba samahani. Nilivua aproni nikaiweka mezani kwake.

"Sisemi."