Kadi Yasema Msafishaji

Saa tisa alasiri Rukiya alikuwa ameshajaza koni ishirini za hina, anafunga ya ishirini na moja, pale Wahid, msimamizi wa kambi, alipoingia hemani na ufagio mkononi.

"Bi Rukiya, weka hizo. Leo wewe unafagia."

"Nafagia nini?"

Wahid akatazama chini. Chini palikuwa na mchanga. Mbele ya hema mchanga, nyuma mchanga, mpaka kule barabara ya Hatta, mchanga mtupu.

"Fagia tu," akasema. "Wakaguzi wa kadi za kazi wanakuja."

Hebu fikiria, jamani. Mwanamke huyu mwaka wa sita sasa anachora hina katika kambi hii ya jangwani. Wageni wanatolewa mahoteli ya ufukweni, mabega yameungua kwa jua la asubuhi baharini, wanarushwarushwa ndani ya magari juu ya matuta ya mchanga mpaka wengine wanatapika, kisha wanashushwa hapa wapande ngamia, wateleze kwa mbao, wapige picha na kipanga, halafu wanyooshe mikono kwa Rukiya wa Mombasa, ambaye wanaambiwa ni Mbedui. Kazi yake ndiyo hiyo. Lakini kadi yake ya kazi, aliyokatiwa na kampuni hiyohiyo, imeandikwa msafishaji. Mwaka wa kwanza aliuliza kulikoni, akajibiwa kwamba ndiyo nafasi iliyokuwapo. Akaipokea. Viza ni viza.

Ila leo haikuwa siku ya kuchezewa. Ilikuwa Jumanne. Ijumaa Huda, mwanawe wa pekee, anaolewa Mombasa, na hina ya Alhamisi ataichora mama mwenyewe. Hilo lilikubaliwa tangu siku ya posa, na mafundi wa mtaani wameshaambiwa wasijisumbue. Ndege ni kesho. Kilichobaki ni karatasi ya likizo, ambayo Wahid alikuwa nayo mfukoni mwa shati, haijatiwa sahihi, na bila sahihi ofisi ya kampuni, pale getini mwa kambi, haimpi pasipoti yake.

"Na karatasi yangu je?"

"Wakishaondoka tu, inshallah. Mimi nikudanganye wewe, mama yangu?"

Wahid kazaliwa Maskati, wazee wake ni watu wa Unguja, na Kiswahili chake ni laini hata akikunyima kitu unajikuta umesema ahsante. Rukiya akachukua ufagio.

Hajafagia hatua tano, simu ya Wahid ikalia. Alikuwa Frida, wa ofisi ya tikiti mjini. Wageni arubaini wako njiani, na hina imo ndani ya tikiti zao, wameshailipia.

"Bi Rukiya, kaa uchore."

Akakaa, akapanga mito, akatandaza kitambaa. Wahid akatoka nje, akarudi mbio. "Inuka, inuka! Gari la wakaguzi nimeliona barabarani." Akainuka, koni akazitia ndani ya ndoo, akashika ufagio. Kumbe ni lori la maji. "Haya kaa." Akakaa. "Ngoja kwanza, simama."

"Wahid, mimi ni mtu au swichi ya taa? Niambie moja nilijue!"

"Mimi mwenyewe silijui, Bi Rukiya," akasema Wahid, na kwa mara ya kwanza alisema kweli. "Bosi anasema hivi, ofisi inasema vile. Sasa wewe simama karibu na mito. Katikati hapo."

Nje ya hema mambo yalikuwa yaleyale. Matia, Mganda anayeongoza ngamia, kadi yake imeandikwa dereva, na hata baiskeli hajui. Alikuwa ameketishwa ndani ya gari lililozimwa, ameshika usukani kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Ngamia wake walikuwa wanazurura peke yao karibu na choo.

"Mama Huda," akaita dirishani, "wakisema niendeshe, banange, nafanya nini?"

"Washa redio," Rukiya akamjibu. Akataka kucheka, kicheko kikakataa.

Wakaguzi wakaja wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume akaenda jikoni. Mwanamke, msichana mdogo tu, abaya safi na daftari mkononi, akaingia hemani, akatoa salamu, akaomba kadi. Akasoma. Akamtazama Rukiya na ufagio wake, halafu macho yakashuka mpaka kwenye vidole. Ncha zote kumi zilikuwa nyekundu iliyoiva. Miaka sita ya hina haitoki kwa sabuni.

"Kazi yako?"

"Nasafisha." Kiarabu cha Rukiya kilianzia madrasa, kikamalizikia hapa kambini.

"Na vidole?"

"Binti yangu anaolewa Ijumaa."

Haukuwa uongo. Uso wa msichana ukafunguka. "Mabruk! Mama wa bibi harusi!" Akakaa juu ya mto, akapandisha mkono wa abaya, akanyoosha kiganja. "Basi nichoree ua moja. Kwa baraka."

Lo! Rukiya akapima moyoni. Ni mtego huu, au ni uungwana? Akikataa, ataonekana mkosefu wa adabu, au mtu mwenye la kuficha. Akichora anavyojua, ameshajianika. Akamtafuta Wahid kwa macho. Wahid alikuwa mlangoni, anatazama kidole gumba cha mguu wake.

Akaminya koni moja mlemle ndooni, akachota hina kwa njiti ya kiberiti, akachora ua. Alilichora vibaya makusudi. Mkono ulikuwa unamgomea, unataka kwenda unakokujua, naye anauvuta upande. Petali zikatoka nene, zimelaliana, moja imevimba, kazi ya mtoto wa chekechea. Hajawahi kutoa kitu kibaya namna ile tangu alipokuwa na miaka tisa, na aibu ilimpanda hadi masikioni.

Msichana akatazama, akacheka kwa upole. "Ahsante, khala. Bora ufagio." Akaandika: msafishaji, yupo. Mlangoni akamwambia Wahid kwamba Jumapili watarudi kuhakiki, na majina yote aliyoyaandika yawepo.

Gari lao likaondoka. Wahid akarudi anapangusa shingo, mwenye furaha.

"Umetuokoa, mama yangu. Wallahi umetuokoa." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunja mara mbili, akamrudishia. Mahali pa sahihi palikuwa peupe. "Likizo tuisogeze mbele kidogo. Umemsikia. Jumapili wasipokukuta, watasema kambi haina msafishaji."

"Lakini mimi si msafishaji!"

"Sasa ndiye. Umeandikwa."

"Wahid, mwanangu anaolewa."

"Najua. Na mimi roho inaniuma, naapa." Nje honi zililia, magari yanashuka matutani, wageni wanapiga vigelegele vya kujifunza siku hiyohiyo. "Khalas, tuyaache hayo. Kaa uchore, arubaini hao. Yalla."

Rukiya akabaki na karatasi mkononi. Alijaribu kulishika jambo lile kichwani, likamponyoka. Angesema kweli, ingekuwaje? Kasema uongo, na uongo ndio umemfunga. Au angechora vizuri? Hakuna mlango aliouona, na huku mgeni wa kwanza, mama mmoja mwenye mabega mekundu, ameshakaa kitako na mkono kaunyoosha.

Akamtazama yule mama. Akaokota ufagio.

"Pole, madam. Mimi msafishaji."

Akatoka nje akaanza kufagia mbele ya hema. Wahid alimwita kwa upole, akamwita kwa ukali, akampigia simu Frida, Frida akapiga kelele hadi nje zikasikika. Foleni ikarefuka. Rukiya anafagia. Alipopita mchanga ulikuwa mchanga vilevile.

Matia akamfuata, kamba ya ngamia mkononi. "Mama Huda, acha. Watakufukuza, wewe."

"Wakinifukuza ndipo pasipoti wanitolee, na tikiti wakate wao. Si mkataba ndivyo unavyosema?"

"Unasema. Lakini wakikuandika umekataa kazi, hurudi tena huku."

"Najua."

Hakuwa na hakika kama anajua. Akahesabu kwa vidole: leo Jumanne, kesho Jumatano, keshokutwa Alhamisi.

"Matia, mdogo wangu, nenda ofisini ukaniseme," akasema. "Waambie nimekataa kazi mbele ya wageni. Waambie nimetukana pia. Nenda upesi, hawajafunga."