Choo cha Paka wa Madame

Nilimchukia yule paka tangu siku ya kwanza, na asije mtu kuniambia mnyama hana hatia. Jina lake lilikuwa Prince. Alikuwa mweupe, mnene, na alikula nyama kila siku katika nyumba ambayo mimi, Zuberi, mtu mzima mwenye mke na watoto, nilipewa mchele na chumvi. Bwana alikuwa mkubwa wa ghala la pamba pale Kasongo. Madame, mke wake, alishinda barazani na magazeti ya kwao, na katika gazeti moja akasoma kwamba paka anaweza kufundishwa kwenda haja katika choo cha kukalia, kama mtu.

Wiki ileile ilinifikia barua ya mdogo wangu Bulaimu kutoka Kabambare. Mama amevimba tumbo, hali chakula, ananiita. Enzi zile za Wabelgiji mtu wa kazi hakutoka hivihivi. Bila karatasi ya mwajiri wake, polisi walimkamata njiani kama mtoro. Nikapeleka barua kwa Madame, nikamweleza taratibu. Hakuishika hata.

"Prince najua choo, weye nakwenda," akasema. Yaani paka ajue choo kwanza, ndipo nipewe karatasi.

Basi nikaanza. Niliweka sanduku la mchanga kando ya choo, nikaliinua kwa matofali, tofali moja kila siku mbili, mpaka likalingana na kile kiti. Kisha nikatia karai la mchanga ndani ya kiti chenyewe. Paka alipolizoea, nikalitoboa kwa msumari, na kila baada ya siku chache nikalipanua tundu kwa nyundo. Alinikwaruza mikono mpaka mke wangu akaniuliza kama nalima miiba. Sisi watumishi tulikuwa na shimo letu la choo nyuma ya jiko, na mvua ilipokuja lilijaa.

Siku ya ishirini na tano Prince alipanda mwenyewe, karai halipo, akamaliza haja yake majini. Na hapo nikakosea. Kwetu, kwa mama yangu, mtu hatoki chooni bila maji. Nilivyolelewa ni hivyo, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye birika. Nikalowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, nikamsafisha yule mpumbavu, nikampa ndagala mmoja, samaki mdogo mkavu. Akafumba macho kwa raha. Kesho yake nikafanya vilevile, na keshokutwa.

Nilipokwenda kudai karatasi yangu, Madame akataka kwanza ajaribu mwenyewe. Prince akakaa chini mbele ya choo, akaangalia mlango, akanisubiri na birika langu. Madame alimbeba, akamweka juu. Paka akaruka, akaenda kujisaidia juu ya kitanda cha Bwana. Madame akanigeukia kana kwamba ni mimi niliyechafua.

Alisema paka hawezi bila mimi, kwa hiyo siendi, mpaka azoee mkono wake. Wiki tatu zikapita hivyo. Paka hakuzoea, na mimi nilijuta kila nilipoliona lile birika. Bulaimu akaja mwenyewe kwa baiskeli, siku tatu njiani, akasimama mlangoni pa jiko, miguu myekundu kwa vumbi. Akasema mama anauliza kila asubuhi kama nimefika. Nikamleta mbele ya Madame ili amwone kwa macho yake. Akajibu kwamba Jumapili ana wageni, amekwisha kuwaahidi kitu ambacho hawajakiona Kongo nzima.

Jumapili wakaja wazungu sita. Baada ya kahawa wakajipanga kwenye ujia, glasi mkononi, nami nikasimama nyuma ya mlango wa choo na birika. Prince akanisikia, akapanda, akafanya. Wakapiga makofi. Mgeni mmoja akauliza nani aliyemfundisha, na Madame akasema ni yeye, kwa uvumilivu.

Asubuhi yake akaniamuru nirudishe sanduku la mchanga barazani. Mambo ya choo yalikuwa yamekwisha kumchosha. Akaandika karatasi, ruhusa ya siku nane, akanipa bila kuniangalia. Laiti ningekuwa na nguvu ya kumtemea mate, ningemtemea.

Lori la pamba lilitushusha Kabambare, mimi na Bulaimu, kesho yake magharibi. Mama alikuwa amebaki mifupa na lile tumbo. Alinitambua kwa sauti, maana macho yalikuwa yamekwisha. Akanipapasa mikono, akafika kwenye makovu.

"Mwanangu, ni kazi gani ilikukamata hivi?"

Niliwaza kumwambia. Maneno yalinifika mdomoni, nikaona haya, haya yangu na yake, kwamba amenizaa na kunilea nije kumfuta paka huku yeye akiniita. Nikadanganya.

"Mutoto wa Madame alikuwa mugonjwa, mama. Ni mimi nilikuwa namulinda."

Kisha akamwomba Bulaimu amwinue, akainua mikono miwili, akaanza dua kwa sauti iliyokatikakatika.

"Mungu amuponyeshe ule mutoto," akasema. "Yeye hana makosa."

Aliomba muda mrefu, kwa pumzi zilezile zilizombakia, kisha akageuza uso upande wangu na kungoja niitikie. Nikasema amina.