Ukuta wa Misheni

Zenon alikuwa na dharau ya aina moja tu, lakini ilimtosha kwa kila kitu. Kila jioni tulipokunywa chai kwa Bertilla, pale Majengo, vijana walikuwa wakitazama mpira wa kikapu wa Marekani kwenye simu. Yeye aliiomba simu, akaitazama kidogo, kisha akairudisha mezani kama mtu anayerudisha andazi lenye unywele.

Timu inafunga pointi mia na thelathini, alikuwa akisema, inafungwa mia na ishirini na tano, na watu wanapiga makofi. Huo si mchezo, ni mnada. Aliwaheshimu Detroit, wale wa mwisho wa miaka ya themanini na wale waliochukua ubingwa mwaka 2004, kwa sababu walikaba. Baada ya hapo, kwa maelezo yake, sheria ikakazwa juu ya kumzuia mtu kwa mkono, na ulinzi ukafa. Na juu ya Detroit wote wawili aliweka timu moja tu: sisi.

Sisi tulikuwa timu ya misheni, kijijini kwetu, nje kidogo ya barabara ya Namanyere, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Zenon alikuwa nahodha. Tuliitwa Ukuta. Hakuna timu iliyokuja pale ikafikisha pointi ishirini, na hilo ni kweli, nilikuwepo. Ni kweli pia kwamba tulipokwenda Mbeya tulifungwa zaidi ya sitini. Zenon alikuwa na jibu la hilo.

"Ringi za Mbeya ni nyungo," alisema. "Hata kipofu anafunga."

Haya yangebaki maneno ya chai, kama Zenon asingekuwa kocha wa timu ya wasichana ya mtaani kwetu, na mimi msaidizi wake. Mwaka huu timu ilialikwa kwenye mashindano ya Mbeya. Ilibaki nafasi moja, na aliyeitaka alikuwa Avelina. Alikuwa akimaliza kidato cha nne; mwakani umri ungemtoa kwenye timu. Hii ilikuwa safari yake au basi tena.

Avelina hupiga kutoka mbali, na mpira huingia. Kukaba, anakaba kiasi. Kwa Zenon hiyo ilikuwa kasoro ya ukoo, maana baba yake ni Wilibrodi.

Wilibrodi ndiye aliyekuwa mfungaji wetu enzi zile. Mpira aliurusha juu mno, karibu wima, hata tukamwita Muua Kunguru. Tukishinda kumi na nne kwa tisa, Zenon alijivunia zile tisa. Zile kumi na nne, nyingi za Wilibrodi, aliziita vumbi la njiani. Wilibrodi hakuwahi kubisha. Hata sasa huwa anakaa nasi kwa Bertilla, anakoroga chai yake.

Avelina alikuja pale pale mezani. Alitoa shikamoo kwa wote, kisha akamwuliza kocha waziwazi kama anakwenda Mbeya au haendi. Zenon alimweleza kwa kirefu kwamba wapigaji wa siku hizi wanalishwa kwa kijiko, na kwamba miaka yetu asingeona kikapu hata kwa mbali.

"Njoo upige kwenye uwanja wetu," alimaliza. "Ukifunga kikapu kimoja kutoka mbali, jezi yako."

"Kimoja tu, kocha?"

"Usicheke. Wanaume kutoka Mpanda waliondoka pale wanalia."

Jumamosi tulikwenda na pikapu ya Zenon, sisi wanne: yeye, mimi, Avelina na baba yake. Uwanja bado upo. Saruji imepasuka, na upande mmoja mama mmoja alikuwa ameanika ulezi wake. Ringi ni ile ile ya chuma cheusi, aliyoifua mzee Eustaki kutokana na chuma cha gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe. Mzee mwenyewe alikuwa nje ya ua wake, ng'ambo ya uwanja, anaota jua na koti lake kubwa. Tulimwamkia, akaitika, akaendelea kututazama.

Zenon ana goti bovu, kwa hiyo alikaa juu ya jiwe. Avelina akaanza kupiga.

Mpira wa kwanza uligonga chuma ukatoka. Wa pili hivyo hivyo. Alisogea, akabadili upande, akapumua, akapiga tena, na kila mara chuma kiliutema. Nimemwona msichana huyu akifunga mfululizo hadi wenzake wakachoka kumwokotea mipira. Pale alionekana kama mtu anayerusha viazi kwenye chupa.

Zenon alikuwa amefurahi. Alipiga paja lake.

"Mnaona? Kizazi cha simu hicho. Ukuta ni Ukuta."

Wilibrodi alikuwa ameegemea pikapu. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ni ndogo:

"Zenon. Nani anamkaba?"

Uwanjani alikuwepo Avelina peke yake. Ukuta ulikuwa umekaa juu ya jiwe, umenyoosha goti.

Avelina ndiye aliyeelewa kwanza. Aliniomba nisogeze pikapu chini ya ringi, akapanda nyuma, akauweka mpira juu ya chuma kwa mikono. Mpira ulipita, lakini kwa kusita, kama kichwa cha mtoto kwenye shingo ya sweta.

Nilimfuata mzee Eustaki, nikamwuliza aliipimaje. Alinitazama kwa huruma.

"Padri alinipa mpira, akasema nitengeneze chuma, upite humo. Haupiti?"

"Unapita, babu. Ila unabana."

"Tundu la jembe hupimwa kwa mpini wake. Likipwaya, jembe linamtoka mtu mkononi. Fundi gani anaacha tundu linapwaya?" Akaongeza kwamba wale wa Mbeya, kwa alivyosikia, hawana wahunzi.

Nilirudi nikayasema yote, polepole, Zenon akisikiliza huku anatazama ulezi wa watu.

"Hata hivyo, hajafunga," alisema.

Hapo Wilibrodi aliondoka kwenye pikapu. Alimshika binti yake kiwiko, akakiinua.

"Ua kunguru, mama," alimwambia.

Avelina aliurusha juu, juu sana, hata mzee Eustaki akainua uso. Ulikuja chini wima, ukazama bila kugusa popote.

Zenon alitoa jezi chini ya kiti cha pikapu. Ilikuwa humo tangu asubuhi, imekunjwa, aliibeba ili aonekane kuwa mtu wa haki. Akamtupia.

"Kimoja tu," alisema.

"Ndiyo, kocha. Na nyie mlikuwa mnashinda kwa vingapi?"

Avelina alikwenda Mbeya, na kwenye zile nyungo alifunga alivyotaka. Zenon siku hizi hazungumzii tena Ukuta. Anasema Marekani hawajawahi kupata safu ya ushambuliaji kama ile ya misheni, kwani wao wanafunga kwenye ungo, na sisi tulifunga kwenye tundu la jembe. Anasema "sisi". Wilibrodi anakoroga chai yake, na Zenon bado anazirudisha simu za vijana mezani, kwa vidole viwili.